Neno Unalolijua Ndilo la Kuuliza



Wengi wenu mliofika Al Khoudh hivi karibuni mmekuja na hazina msiyoihesabu. Maneno mengi ya Kiarabu mnayo tayari vinywani: habari, saa, dakika, kitabu, wakati, sababu, hesabu, hatari. Mtu wa Unguja, Mombasa au Bujumbura akipita sokoni hapa husikia maneno anayoyatambua tangu siku ya kwanza. Na mji wenyewe unasaidia, kwani Waomani wengi wa Al Khoudh na mitaa mingine ya Seeb wanakijua Kiswahili. Wazee wao, au wao wenyewe, waliishi Zanzibar na bara kabla ya kurudi Omani, baadhi yao baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi baada ya 1970.

Lakini hazina hiyo ina mtego ndani yake. Neno usilolijua halikudhuru sana, kwa sababu utaliuliza. Neno unalodhani unalijua ndilo linalokupoteza, kwa sababu hutaliuliza. Utasema ndiyo, mwenzako naye atasema ndiyo, mtapeana mikono, na kila mmoja ataondoka na maana yake.

Somo letu la toleo hili ni hilo: kuyabainisha maneno kabla ya kukubaliana. Si somo la wasomi peke yao. Linamhusu mama anayepeleka mtoto hospitali, baba anayetafuta kazi, na kijana anayeanza skuli mpya.

Maneno yaliyokaa ugenini

Maneno yaliyotoka Kiarabu yameishi pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Mtu akikaa mbali na kwao muda kama huo hubadilika, na maneno ni vivyo hivyo. Tuanze na manne tu.

Tafadhali. Sisi hulitumia tunapoomba: "Tafadhali, nipe maji." Kwa Kiarabu, tafaddal ni neno la anayetoa: pita, kaa, chukua, karibu. Ukimwambia mwenye duka "tafaddal" huku wewe ndiye unayetaka kitu, ataitazama mikono yako aone unampa nini. Ukiomba, mwambie mwanamume min fadlak au law samaht. Mwanamke mwambie min fadlik au law samahti.

Rahisi. Kwetu ni kitu kisicho kigumu, na pia kisicho ghali. Kwa Kiarabu, rakhis ni cha bei ndogo tu, na likielekezwa kwa mtu huwa tusi. Mwanafunzi akimwambia mwalimu kwamba somo lake ni rakhis, hakusema kwamba halimpi taabu. Amesema halina thamani. Neno analolitaka ni sahl.

Ajali na hadithi. Hapa pana uzito zaidi. Kwetu ajali ni magari kugongana au mtu kuanguka kutoka juu. Kwa Kiarabu, ajal ni muda uliokwisha kuwekwa, na hasa siku ya mtu ya kufa. Ukipiga simu ukasema kwa Kiarabu cha kubahatisha kwamba baba amefikwa na ajal yake, anayekusikia ataanza kukupa mkono wa tanzia. Magari yakigongana, Kiarabu husema haadith, neno ambalo masikioni mwetu ni kisa cha bibi cha usiku. Kwa hiyo askari akikuuliza habari za haadith, hakuombi ngano. Anauliza ajali ilivyotokea.

Vilevile mlango wa wagonjwa wa dharura hospitalini huandikwa tawari. Ukiuliza darura utafahamika kuwa unasema kuna jambo la lazima, wala si kwamba mtu anazidiwa sasa hivi. Nambari ya simu ya dharura Omani ni 9999, na hiyo haina maana mbili. Wafundisheni watoto.

Saa ngapi, na siku gani?

Kiswahili huhesabu saa kuanzia kuchomoza na kuchwa kwa jua. Saa mbili yetu ya asubuhi ni 8:00 katika saa ya simu. Kiarabu kinachosemwa Omani leo husoma nambari inayoonekana: thamaniya, yaani nane.

Sasa tuseme karani wa hospitali, Momani anayejua Kiswahili, anakupigia simu na kukuambia, "Njoo kesho saa nane." Kwa Kiswahili cha nyumbani hiyo ni 14:00, baada ya adhuhuri. Lakini huenda karani amesoma 8:00 kwenye kompyuta, akasema nane kama anavyoiona. Nyote wawili mmesema Kiswahili safi, na kati yenu pana saa sita. Miadi ya daktari bingwa ikipita, unaweza kusubiri wiki kadhaa kupata nyingine. Dawa yake ni fupi: "Asubuhi au mchana? Niandikie kwa nambari, tafadhali."

Siku nazo zina hesabu mbili. Kiswahili kinaanza kuhesabu Jumamosi, ikiwa ni Juma-mosi, ya kwanza. Kiarabu kinaanza na Jumapili, al-ahad, ya kwanza. Kwa hiyo tatu ya Kiarabu, ath-thulatha, si Jumatatu, ni Jumanne. Nne ya Kiarabu, al-arbia, si Jumanne, ni Jumatano. Na tano ya Kiarabu, al-khamis, ndiyo Alhamisi yetu. Ndiyo maana wiki ya Kiswahili ina tano mbili zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi: moja ni ya hesabu yetu, nyingine tumeipokea kwa Waarabu. Anayefasiri siku kwa nambari atafika siku moja kabla ya miadi, na siku hiyo hatamkuta mtu anayemtarajia.

Usiku pia uulizwe. Kwa Waarabu, na kwa wazee wengi wa pwani yetu, usiku hutangulia mchana wake. Laylat al-jumua, usiku wa Ijumaa, ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Ukialikwa harusi "usiku wa Ijumaa", uliza: ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa yenyewe jua likishakuchwa?

Hata "mwisho wa wiki" si neno moja. Tangu tarehe 1 Mei 2013 mapumziko ya wiki Omani ni Ijumaa na Jumamosi. Kabla ya hapo yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Wewe uliyetoka Dar es Salaam au Nairobi umezoea Jumamosi na Jumapili. Hapa Jumapili ni siku ya kazi na skuli. Mtoto akibaki nyumbani siku hiyo amekosa mwanzo wa wiki.

Na tukiwa kwenye nambari: riyali moja ya Omani ni baisa 1,000, hivyo bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. 1.500 si elfu moja na mia tano. Ni riyali moja na nusu.

Kabla ya kutia saini

Neno likikosewa sokoni, mtacheka. Likikosewa kwenye karatasi yenye saini, hapana kicheko. Hapa tunataka msome polepole.

Neno la kwanza ni wakala. Nyumbani, wakala ni mtu: wakala wa basi, wakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu. Unakwenda kwake, unamlipa, mambo yamekwisha. Kwa Kiarabu, wakala ni hati. Ni karatasi ambayo kwayo unampa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako: kuuza, kupokea fedha, kusimamia mali, kwa kadiri ilivyoandikwa. Mtu akikuambia "tia saini wakala hii" nawe ukadhani unajiandikisha kwa mhudumu fulani, huenda umemkabidhi ufunguo wa mali yako. Uliza tatu: inampa nani mamlaka? Mamlaka ya kufanya nini hasa? Inakwisha lini?

Ndugu yake ni wakili. Kwetu wakili ni mwanasheria anayekutetea mahakamani. Kwa Kiarabu, wakil ni anayetenda kwa niaba ya mwingine, na wakil wa wizara ni afisa mkubwa aliye chini ya waziri. Ukitaka mwanasheria, sema muhami.

Neno la tatu ndilo linalogharimu zaidi: mshahara. Mwajiri anasema mshahara ni riyali 300. Riyali 300 za nini? Huenda 180 ni mshahara wa msingi, na 120 ni posho za nyumba na usafiri. Mwisho wa mwezi huoni tofauti, kwani mkononi ni 300 ileile. Tofauti huonekana siku ya kuondoka. Kwa sheria ya kazi ya Omani, kiinua mgongo cha mfanyakazi asiye raia hupimwa kwa mshahara wa msingi, si kwa jumla, na hakipungui mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Aliyefanya kazi miaka 4 kwa msingi wa 300 hupimiwa riyali 1,200. Aliyefanya miaka hiyohiyo kwa msingi wa 180 hupimiwa 720. Riyali 480 zimepotea ndani ya neno moja ambalo hakuna aliyeliuliza.

Sheria yenyewe inatufundisha njia. Sheria ya Kazi ya Omani, iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani Na. 53 ya 2023, kabla ya kueleza haki ya yeyote huanza kwa kueleza maneno: mwajiri ni nani, mfanyakazi ni nani, ujira ni nini na ujira wa msingi ni nini. Waliotunga sheria hiyo si watu wasiojua Kiarabu. Walijua kwamba neno lisilowekewa mpaka kila mtu hulivutia kwake.

Mkataba wa kazi hapa huandikwa kwa Kiarabu. Ukiandikwa kwa lugha nyingine, huwa na nakala ya Kiarabu pamoja nayo. Msiridhike na kusomewa upande mmoja. Afrika Mashariki inao mfano wa mkataba wa lugha mbili ulioleta vita. Mwaka 1889, Menelik wa Pili wa Ethiopia na serikali ya Italia walitia saini mkataba mahali paitwapo Wuchale, kwa Kiamhari na kwa Kiitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema Ethiopia inaweza kuitumia Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kilisomeka kwamba ni lazima ifanye hivyo, na kwa neno hilo Italia ikadai kwamba Ethiopia iko chini ya himaya yake. Menelik akaukana mkataba, na tarehe 1 Machi 1896 majeshi yakakutana Adwa, ambako Waethiopia walishinda. Maelfu walikufa. Uchu wa makoloni ndio uliowasukuma Wataliano, lakini mlango walioupitia ulikuwa tofauti ya "inaweza" na "lazima". Katika mkataba wako wa nyumba au wa kazi, tafuta maneno hayo mawili kwanza.

Ndugu yako ni nani?

Kuna maneno ya Kiswahili ambayo utamu wake ni upana wake. Ndugu ni mmojawapo. Ndugu ni aliyezaliwa nawe, ni mtoto wa ami yako, ni mtu wa kijiji chako, ni mwenzako wa safarini. Baba mdogo ni baba. Mtoto wa dada yako ni mwanao. Upana huo ndio uliowalea wengi wetu, na hatusemi muuache.

Lakini chumbani kwa daktari neno hilo linahitaji mpaka. Daktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, hapahapa Al Khoudh, akikuuliza kama katika ndugu zako yupo mwenye selimundu, anauliza damu. Ugonjwa huo hurithiwa. Upo Omani, na upo kwetu Afrika Mashariki. Ukijibu "yupo" kwa kumfikiria mtoto wa rafiki uliyekua naye, umempoteza daktari. Ukijibu "hayupo" kwa kuwa mwenye ugonjwa ni "binamu tu", umempoteza zaidi, kwani binamu ni damu yako. Usiseme ndugu peke yake. Sema: kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, au mtoto wa dada wa mama yangu.

Fomu za skuli ni hivyohivyo. Pakiandikwa "baba", linatakiwa jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mjomba anayemlea mtoto ana nafasi yake, chini ya "mlezi". Kumwandika mjomba mahali pa baba si uongo moyoni mwako, lakini kwenye karatasi utaonekana uongo, na vyeti viwili visivyolingana hukusumbua miaka.

Wazee walilijua hili

Waliosoma chuoni wanakumbuka namna vitabu vya fiqhi vinavyofungua kila mlango. Mwalimu husema: saumu kilugha ni kujizuia, kisheria ni kujizuia na mambo maalumu, kwa wakati maalumu, kwa nia. Sala kilugha ni dua. Kisheria ni ibada yenye maneno na vitendo vinavyojulikana. Mtoto wa miaka tisa hufundishwa kwamba neno moja lina maana ya mitaani na maana ya fani, na kwamba haijuzu kuzichanganya. Somo tunalolieleza hapa wengi wenu mlilipata mkiwa mmekaa juu ya mkeka.

Maana ya fani huitwa istilahi, na neno hilo lina siri nzuri. Kwa Kiarabu linatoka shina moja na sulhu, yaani suluhu. Istilahi ni jambo ambalo watu wamepatana juu yake. Kwa hiyo kubainisha neno hakumaanishi kumsahihisha mwenzako, wala kumwonyesha kwamba unajua kuliko yeye. Ni kupatana naye kabla hamjagombana.

Namna ya kuuliza kwa adabu

Wengi wetu tunajua kwamba tunapaswa kuuliza, lakini tunaona haya. Kumuuliza mkubwa "unakusudia nini?" kunaweza kusikika kama kumshuku. Wahenga wamesema kuuliza si ujinga, lakini adabu ya kuuliza ni lazima ijifunzwe. Jaribuni njia hizi nne.

1. Jitwishe wewe. Usiseme "hukueleza vizuri." Sema: "Mzee wangu, mimi mgeni, nataka nisikosee. Ukisema mwisho wa mwezi, ni tarehe ngapi?"

2. Rudisha ulichosikia kwa maneno yako. "Kwa hiyo nimefahamu kwamba nije Jumanne, 8:00 asubuhi, na kadi ya mtoto. Ndivyo?" Kama kuna kosa, litajitokeza hapo, nanyi bado mko pamoja.

3. Omba mfano. Neno "gharama nyingine" kwenye mkataba wa nyumba halina mwisho. Uliza: "Kama zipi? Maji? Umeme? Kiyoyozi kikiharibika, anatengeneza nani?"

4. Tumia neno tulilo nalo pamoja: yaani. Sisi tunalo, Waarabu wanalo, na kwa wote wawili hufungua maelezo. Ukilitamka kwa kuuliza, "Yaani?", kisha ukanyamaza, mtu ataendelea kueleza bila ya kuona umempinga.

Si kila neno la kupimwa. Mgeni akikuambia "nyumbani kwangu ni kwako", usimuulize ni chumba gani. Jirani akisema atapita "baadaye", mwache apite baadaye. Maneno ya mapenzi na ukarimu huishi kwa upana wake. Ya kubana ni yale yanayobeba fedha, muda, dawa, mtoto au saini.

Na nyumbani pia kuna maneno hayo. Mwambie kijana wako "urudi mapema" naye akarudi 22:00, mtagombana usiku kucha juu ya heshima, wakati jambo lenyewe ni neno mapema. Kwako ni kabla ya Magharibi. Kwake, kwa vile wenzake wanavyokaa nje usiku baada ya joto la mchana, ni kabla ya usiku wa manane. Mpeni neno hilo saa yake, kisha asiyeitimiza aulizwe.

Zoezi la wiki hii

Kaeni pamoja baada ya chakula, wakubwa na watoto. Chukueni karatasi moja iliyomo ndani ya nyumba: mkataba wa kodi, barua ya skuli, au maelekezo ya dawa. Pigeni mstari chini ya kila neno ambalo watu wawili katika nyumba wanalieleza kwa namna mbili. Pembeni andikeni swali la kumuuliza aliyeitoa karatasi hiyo. Maelekezo yakisema "mara tatu kwa siku", swali ni: kila baada ya saa nane, au asubuhi, mchana na usiku pamoja na chakula?

Mkikwama, njooni ofisini kwetu na karatasi hiyo. Ombi letu ni moja: mje kabla ya kutia saini.